Agosti ya dunia, Desemba ya Mwika

Mwika. Ukifika Himo wiki ya tatu ya Desemba ukitokea Dar es Salaam, huhitaji kuuliza kinachoendelea. Magari yamepanga foleni, buti zimefungwa kwa kamba kwa sababu zimejaa kupita kiasi, na juu ya karia kuna godoro, baiskeli ya mtoto na kiroba cha mchele. Wachaga wanarudi nyumbani.

Nyuma yao kuna zaidi ya kilomita 500: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga. Watoto wa kiti cha nyuma wamelala wakiegemeana, na yule mdogo kabisa yuko mapajani kwa mama. Baba ameshika usukani tangu alfajiri. Kilichobaki ni kupanda mlima kidogo tu, na hapo ndipo kila mtu ndani ya gari huanza kuona kama tayari amefika.

Barabara ya Marangu inaiacha barabara kuu na kuanza kupanda. Joto la tambarare linabaki chini, vioo vinashushwa, harufu ya migomba mibichi inaingia. Pale Marangu Mtoni wanaokwenda lango la hifadhi wanashika njia yao, na wa Mwika wanakata kulia, wanapita Mamba, kona baada ya kona. Noah zinazobeba abiria wa Mwika, Mkuu na Tarakea zinawapita kwa mwendo wa watu wanaozijua kona hizo kama wanavyojua uani kwao. Ipo pia barabara ya Kilacha, inayoiunganisha Mwika na upande wa chini bila kupitia Marangu.

Hapa ni vizuri kuwatoa wageni wasiwasi. Mwika si Mweka. Mweka iko upande wa juu ya mji wa Moshi, kwenye chuo cha wanyamapori na njia wanayoshukia wapanda mlima. Mwika iko mashariki zaidi, ukielekea Rombo, na imegawanyika katika kata mbili, Kaskazini na Kusini. Kuna waalikwa wa harusi ambao wamewahi kujikuta kwenye mlima ule ule lakini upande mwingine kabisa, suti zikiwa tayari zimenyooshwa.

Mwika ni nchi ya vihamba. Migomba juu, kahawa chini yake, magimbi kandokando ya mfongo unaoleta maji kutoka msituni, na masale yaliyopandwa kuonyesha mpaka wa ndugu na ndugu. Asubuhi ikiwa haina wingu, kilele kinachojionyesha zaidi huku ni Mawenzi, kile chenye meno, si Kibo wa kwenye picha za watalii. Ukigeuka nyuma unaona tambarare ya Taveta upande wa Kenya na, mbali, milima ya Upare. Ni mahali pa Walutheri wa muda mrefu, penye chuo chao cha Biblia, na Jumapili kwaya husikika hadi mabondeni.

Kwa sehemu kubwa ya mwaka barabara za ndani za Maring'a, Msae au Kondiki ni za bodaboda, za wanafunzi na za mama anayeshuka sokoni na mkungu kichwani. Desemba mambo yanageuka. Kihamba ambacho mwaka mzima kilikuwa na babu, bibi, ng'ombe wawili wa ndani na mjukuu mmoja, ghafla kina IST, Harrier, Noah mbili na pikapu, zimebanana kati ya mgomba na ukuta wa jiko. Watoto ambao hawajaonana tangu mwaka jana wanafukuzana katikati ya magurudumu.

Oktoba 2024 mji wa Arusha ulikusanya Land Rover zaidi ya 1,000 kwenye msafara mmoja, na picha zake zikazunguka dunia nzima. Ulikuwa mkusanyiko wa kuvutia wa gari lililoonyeshwa kwa mara ya kwanza Amsterdam, Aprili 30, 1948. Lakini mkusanyiko mkubwa zaidi wa magari Kaskazini hauna mgeni rasmi wala fulana. Hutokea kila Desemba, kwenye mteremko huu.

Mama, watoto wawili na safari ya kwa bibi

Wapenzi wa magari duniani wana kalenda yao, na ukiitazama vizuri utaona mwezi wenye mambo mengi ni Agosti. Ya kwanza kuangaliwa na mzazi anayejiandaa kwenda Mwika ni ya mwaka 1888.

Karl Benz, Mjerumani wa Mannheim, alisajili hataza ya gari lake la magurudumu matatu Januari 29, 1886, na tarehe hiyo huhesabiwa kuwa siku ya kuzaliwa ya gari. Tatizo ni kwamba watu hawakulitaka. Walikuja, wakatazama, wakaondoka. Mwanzoni mwa Agosti 1888 mke wake, Bertha Benz, aliondoka asubuhi na mapema bila kumwambia mumewe, akiwa na vijana wake wawili, Eugen na Richard, akaliendesha gari hilo karibu kilomita 100 hadi Pforzheim.

Alikuwa anakwenda kwa mama yake.

Vitabu vya magari huiita safari ya kwanza ndefu ya gari duniani, na husifu ujasiri na biashara iliyofuata. Mtu wa Mwika akiisikia ataitambua mara moja kwa jina lake halisi: ni mama anayepeleka watoto kwa bibi likizo. Kila kitu kipo. Mafuta yaliisha njiani, na kwa kuwa hapakuwa na kituo cha mafuta popote duniani, alinunua kimiminika cha kusafishia madoa katika duka la dawa la mji wa Wiesloch. Kwa hiyo kituo cha kwanza cha mafuta kilikuwa famasi, jambo ambalo watu wa afya hupenda kulikumbushia. Bomba la mafuta lilipoziba, alilizibua kwa pini ya kofia yake.

Kisha ikaja milima. Gari halikuwa na nguvu ya kupanda, hivyo vijana walishuka wakasukuma. Kushuka kulikuwa kubaya zaidi. Breki zilikuwa za mbao, zikaliwa hadi zikakaribia kwisha. Bertha alimtafuta fundi viatu, akamwomba apigilie ngozi juu ya zile mbao. Hapo ndipo ulipoanzia utaratibu wa kuvika breki kitu cha kusugulia, ambacho fundi wa gereji ya Himo leo anakiita pedi au laini. Aliporudi nyumbani alimweleza mumewe kuwa gari linahitaji gia nyingine kwa ajili ya milima, na Benz akaiongeza.

Kwa hiyo pedi ya breki na gia ya mlimani hazikutokana na mashindano. Zilitokana na mama aliyekuwa na watoto ndani ya gari, kwenye mteremko.

Mteremko wa Mwika hadi Himo unadai vitu hivyohivyo viwili. Dereva aliyezoea tambarare za Dar es Salaam hushuka akiwa amekanyaga breki muda wote, gia ikiwa kwenye 'D'. Pedi zinapata moto, mafuta ya breki yanaweza kuchemka, na pedali inazama bila gari kushika. Harufu ya kuungua inapoingia ndani ya gari, hiyo si ya tairi la gari la mbele. Gari la 'automatiki' lina '2' au 'L' kwa kazi hiyo, na gari la gia za mkono lina namba mbili. Wenyeji wana kanuni rahisi: shuka kwa gia uliyopandia.

Agosti nyingine

Miaka minane baada ya safari ya Bertha, Agosti 17, 1896, mama mwingine alikuwa na mtoto wake. Bridget Driscoll alikuwa akivuka eneo la Crystal Palace jijini London pamoja na binti yake na rafiki yao. Gari lililokuwa likitembeza watu kwa maonyesho lilimgonga, akafa. Anahesabiwa kuwa mtembea kwa miguu wa kwanza kuuawa na gari la injini ya mafuta nchini Uingereza. Gari hilo, hata likienda kasi yake yote, lilikuwa halifiki mwendo wa baiskeli iliyokazwa. Mchunguzi wa vifo aliyesikiliza shauri hilo alisema anatumaini jambo kama hilo halitatokea tena.

Kabla yake, Agosti 31, 1869, mwanasayansi wa Ireland Mary Ward, mama wa watoto kadhaa na bingwa wa hadubini, alirushwa kutoka kwenye gari la mvuke lililotengenezwa na jamaa zake lilipokata kona, akakanyagwa na gurudumu. Hakugongana na kitu. Alirushwa tu kutoka alipokaa.

Iweke pembeni hiyo ya kurushwa, itarudi.

Afrika Mashariki nayo ina Agosti yake. Agosti 10, 1907 Luteni Paul Graetz wa Ujerumani aliondoka Dar es Salaam na gari lililotengenezwa Gaggenau, akiwa na nia ya kulivusha bara zima hadi pwani ya magharibi. Alifika Swakopmund, Namibia ya leo, Mei 1, 1909. Karibu miaka miwili, kwa gari, katika nchi isiyokuwa na barabara ya gari! Treni ilifika Moshi mwaka 1911, na kwa miaka mingi baada ya hapo mtu wa mlimani aliyetaka kwenda pwani alipanda treni. Reli hiyo ilikuja kukaa bila abiria kwa zaidi ya miongo miwili hadi Desemba 2019, treni iliporudi tena Moshi, na haikuwa bahati mbaya kwamba ilirudi mwezi huo.

Agosti ya mwisho ndiyo yenye uzito kwa mzazi. Mhandisi wa Uswidi, Nils Bohlin, alikuwa akitengeneza viti vya kumrusha rubani nje ya ndege za kivita kabla ya kuajiriwa na kampuni ya Volvo. Mtu aliyejua kurusha watu akapewa kazi ya kuwazuia wasirushwe. Alibuni mkanda wa ncha tatu, ule unaopita begani na kiunoni na kufungwa kwa mkono mmoja, na gari la kwanza lenye mkanda huo lilikabidhiwa kwa mteja Agosti 13, 1959. Volvo waliwaachia watengenezaji wengine waige bila malipo. Miaka 90 ilikuwa imepita tangu Mary Ward arushwe kutoka kwenye kiti chake.

Historia ilipopita chini ya mlima

Mtu akisimama ukingoni mwa Mwika akatazama tambarare, anatazama pia uwanja wa vita. Machi 1916 majeshi ya Jenerali Smuts yalipita huko chini kutokea Taveta, yakapigana na Wajerumani kwenye vilima vya Latema na Reata, kisha yakaingia Moshi. Kwa watu wengi wa mlimani vita hiyo ilikuwa ya kubebeshwa mizigo. Waingereza walipokaa, barabara zikafuata kahawa: chama cha kwanza cha wakulima wa kahawa wa Kichaga kilianza mwaka 1925, kikazaa KNCU mwaka 1933, na magunia yakahitaji malori. Kahawa hiyo ndiyo iliyolipa ada za waliokuja kuwa walimu, wauguzi na wafanyabiashara wa Dar es Salaam, ambao wajukuu wao sasa wako kwenye foleni ya Himo.

Mwaka 1953 dunia ilikuwa ikitazama London, ambako Malkia Elizabeth wa Pili alitawazwa Juni 2. Waendesha magari wa Afrika Mashariki walisherehekea kwa namna yao: mashindano yaliyozunguka Kenya, Uganda na Tanganyika, ndiyo yaliyokuja kuitwa Safari Rally. Ni mfano mzuri wa jinsi jambo la ikulu ya mbali linavyoweza kuacha vumbi kwenye barabara za huku.

Lakini mwaka wa kukumbukwa na familia ni 1973, ingawa hakuna anayeufanyia sherehe. Mwaka huo Safari Rally iliingia kwenye mashindano ya ubingwa wa dunia kwa mara ya kwanza, na aliyeshinda alikuwa Shekhar Mehta, mzaliwa wa Uganda, mwaka mmoja tu baada ya Idi Amin kuwafukuza Waasia. Oktoba mwaka huohuo vita vya Mashariki ya Kati vilipandisha bei ya mafuta duniani. Wazee wanakumbuka jinsi Tanzania ilivyokuja kuzuia magari binafsi kutembea Jumapili mchana ili kubana matumizi. Ibada ikiisha, unaharakisha kurudi. Na mwaka huohuo Bunge lilitunga Sheria ya Usalama Barabarani. Sheria ilitungwa kwa nchi yenye magari machache, na haikutaja kiti cha mtoto.

Kisha Aprili 12, 1984. Waziri Mkuu Edward Sokoine alikuwa akitoka Dodoma kwenda Dar es Salaam, gari lake likagongwa Dakawa, Morogoro. Alikuwa na umri wa miaka 45. Waliokuwa shuleni siku hiyo wanaweza kukuambia walikuwa wamekaa dawati gani. Hakuna tarehe nyingine katika historia ya nchi hii inayofunga pamoja gari na taifa kama hiyo, na kila Aprili inapokumbukwa, inazungumzwa zaidi siasa kuliko barabara.

Tarehe zilizoandikwa kwenye saruji

Mchaga huzikwa kwenye kihamba chake. Mwika, kama ilivyo Marangu au Rombo, makaburi yako nyuma ya nyumba, chini ya migomba, mengine yamejengewa vigae, mengine yana sale tu. Aliyefia Dar es Salaam, Mwanza au hata Marekani hurudishwa. Barabara inayopandisha magodoro Desemba ndiyo inayopandisha majeneza miezi mingine, gari la mbele likiwa limefungwa majani na taa zikiwaka mchana.

Ndiyo maana watoto wanaokuja likizo hujifunza kusoma tarehe hapo. Wanasimama mbele ya kaburi, wanatoa mwaka mdogo kwenye mwaka mkubwa. Babu, miaka 84. Bibi, 79. Halafu wanafika kwenye moja ambalo jibu lake ni 19, au 6, na wanauliza alikuwa anaumwa nini.

Ndani ya familia nyingi za mlimani jibu la swali hilo ni barabara. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa ajali za barabarani huua watu wapatao milioni 1.19 kila mwaka, na kwamba kwa watoto na vijana wa miaka 5 hadi 29 ndizo zinazoongoza kwa kuua. Si malaria, si UKIMWI. Kanda ya Kaskazini haihitaji takwimu kuamini hilo. Mei 6, 2017 basi lililobeba wanafunzi wa Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia bondeni Rhotia, Karatu. Walikufa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Juni 28, 2025 basi na Coaster viligongana na kuwaka moto Sabasaba, wilayani Same, na watu wasiopungua 38 wakapoteza maisha. Sabasaba iko kwenye njia ileile ya Desemba. Gari lolote linalokwenda Mwika kutoka Dar es Salaam hupita hapo, na wengi huwa wanaongea na simu.

Umoja wa Mataifa uliiweka Jumapili ya tatu ya Novemba kuwa siku ya kuwakumbuka waathirika wa ajali za barabarani, kwa azimio la Oktoba 2005. Kwa kalenda ya mlimani siku hiyo inaangukia mahali pazuri: mwezi mmoja kabla ya safari, wakati bado kuna muda wa kumpelekea fundi gari. Tairi kipara halijifichi. Sarafu ikizama kidogo tu kwenye maua yake, halifai kwa barabara ya Mwika yenye utelezi wa mvua za vuli.

Kiti cha nyuma

Rudi kwenye ile foleni ya Himo, uchungulie ndani. Baba amefunga mkanda kwa sababu ya trafiki. Aliyekaa mbele amefunga kwa sababu hiyohiyo. Nyuma hakuna aliyefunga, na mara nyingi haiwezekani hata kutaka kufunga: gari lilitoka Japani likiwa na mikanda mitatu nyuma, lakini siku lilipovishwa kava za viti, vifungio vilibaki chini ya kitambaa. Vipo. Havijaonekana tangu gari litoke bandarini. Kisu kidogo na dakika kumi nyumbani vinatosha kuvitafutia matundu.

Mkanda hupunguza hatari ya kufa kwa aliye ndani ya gari hadi kwa nusu. Kwa mtoto mchanga aliye kwenye kiti chake maalumu, faida ni kubwa zaidi. Mapaja ya mama hayamo kwenye hesabu hiyo. Gari likisimama ghafla kwa kugonga kitu likiwa kwenye mwendo wa kilomita 50 kwa saa, mwendo halali wa kupita vijijini, mtoto wa kilo 10 huvutika mbele kwa nguvu mara 20 au zaidi ya uzito wake. Hakuna mikono inayoshika kilo 200. Na mama ambaye hajafunga mkanda humfuata mtoto kwa nyuma.

Kiti cha mtoto ni ghali, na katika nchi ambako sheria ya zamani haikukitaja, wengi hukiona cha kizungu. Lakini familia inayoweza kununua mbuzi wa ndafu inaweza kununua kiti kilichotumika, mradi hakijawahi kupata ajali na mikanda yake ni mizima. Aliyeshindwa kabisa bado ana la kufanya: mtoto akae nyuma, peke yake kwenye nafasi yake, mkanda wa kiunoni ukiwa chini ya tumbo, kwenye nyonga. Wawili wasifungwe mkanda mmoja. Na mbele, kwenye mfuko wa hewa, si mahali pa mtoto hata kama amelia tangu Korogwe.

Wanaosafiri kwa basi hawana uchaguzi mpana. Tangu Oktoba 2023 mabasi yameruhusiwa tena kusafiri usiku, na wazazi wengi hupenda kwa sababu watoto hulala. Hulala dereva pia. Basi likiwa na mkanda, ufungwe hata kama abiria wa jirani anacheka.

Ila hatari ambayo haitajwi kabisa Desemba iko baada ya kufika. Ni uani. Kihamba hakina maegesho. Magari yanaingia kwa kufuatana na hutoka kwa rivasi, kwenye njia nyembamba kati ya kahawa, mtu akiwahi nyama sokoni au kumpokea shangazi Marangu Mtoni. Mtoto wa miaka miwili akiwa amechuchumaa nyuma ya Noah haonekani kwenye kioo chochote. Anaweza kuwa wa ndugu, asiyejua kuwa gari lililokaa kimya tangu jana lina mtu ndani. Kwenye familia zilizokwisha kujifunza, hakuna gari linalowashwa kabla mtu mzima hajasimama nyuma na kuwahesabu watoto kwa sauti. Funguo hukaa kwa mtu mmoja, kwa kawaida bibi, na bibi hatoi funguo kwa mtu aliyekwisha pewa kata ya mbege.

Mbege nayo ina heshima yake. Imepikwa kwa ndizi mbivu na ulezi, imekolezwa kwa msesewe, na hakuna anayetaka Krismasi ya Mwika isiyo nayo. Kwa kuwa ni nzito kama uji, watu huiona kama chakula. Kipimo cha polisi hakiioni hivyo. Kiwango cha mwisho ni miligramu 80 za kilevi kwenye mililita 100 za damu, na kata ya tatu haijui kwamba ilitengenezwa na mama mkwe.

KCMC na njia ya kurudi

Ajali ikitokea Mwika, hospitali ya Marangu au ya Kilema iko karibu, lakini aliyevunjika vibaya ataishia KCMC, Moshi, takriban kilomita 45. Hospitali hiyo ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere Machi 1971. Ndani ya eneo lake kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1981 cha kufundisha mafundi wa viungo bandia, TATCOT, na wanafunzi wake hutoka nchi nyingi za Afrika. Karakana yake ina miguu ya saizi zote, ikiwemo midogo, na mtoto aliyekatwa mguu hurudi mara kwa mara kubadilishiwa kwa sababu mwili wake unakua na mguu wa bandia haukui.

Barabarani, kabla ya gari la wagonjwa kufika, mwenye msaada ni yule aliyepita. Damu inayotoka huzuiwa kwa kitambaa safi kilichokandamizwa kwa nguvu bila kufunuliwafunuliwa. Majeruhi anayelalamika shingo au mgongo havutwi kwa mikono miwili kama gunia, isipokuwa gari linawaka moto. Benki ya damu ya Kanda ya Kaskazini iko Moshi, na damu huhitajika mwezi huu kama ilivyo mwezi mwingine wowote. Ndugu 30 waliokusanyika kihamba kimoja, wamekula vizuri na wamepumzika, wanaweza kuchangia asubuhi moja kabla ya kuchinja mbuzi.

Ikifika wiki ya kwanza ya Januari, kihamba kinaanza kupungua. Shule zinafunguliwa. Bibi anaamka usiku kufunga mikungu ya ndizi, mshale kwa mtori na mingine ya kuiva njiani, akiongeza parachichi, magimbi na kuku wawili waliofungwa miguu. Mizigo ya kurudi huwa mizito kuliko ya kuja, na hiyo nayo breki inaijua. Vitu vizito viwekwe chini kwenye buti, si juu ya kiti nyuma ya vichwa vya watoto.

Magari yanashuka moja moja alfajiri, Mawenzi ikiwa bado nyeusi, taa zikionekana na kupotea kwenye kona za Mamba. Wengine hawasimami hadi chini kabisa, kwenye barabara kuu ya Himo, inakoanzia safari ndefu ya Dar es Salaam. Dereva mwenye busara huegesha hapo robo saa, akaacha breki zipoe, akazunguka gari, akafungua mlango wa nyuma kuangalia vifungio vya mikanda. Kimoja huwa kimefunguliwa. Mwenye nacho husema hajui kimefunguka saa ngapi.